Picha za Nchi ya Ukungu

Picha ni ushahidi, na kila ushahidi hustahili kupimwa. Msomaji aliyefundishwa kuhakiki shairi huuliza mshairi amesema nini, amelisemaje, na ni jambo gani aliloliacha bila kulisema. Lakini msomaji huyohuyo akionyeshwa picha ya mandhari hutamka neno moja tu, "nzuri," kisha akafunua ukurasa wa pili. Neno hilo si kosa. Walakini ni mwanzo wa uhakiki, wala si mwisho wake. Hata mtoto mdogo aweza kusema kuwa chakula ni kitamu. Mpishi hujua kwa nini ni kitamu, na tena hujua kilichopungua.

Katika insha hii nataka tuchukue aina moja ya picha, yaani picha za nchi ya chai ya Kericho na Bomet wakati wa ukungu, tuzipime kwa mizani ileile tunayopimia maandishi. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni nyingi mno: zimo katika kalenda, juu ya pakiti za majani ya chai, katika vitabu vya jiografia na katika simu za watu. Pili, ni nzuri kweli, na kitu kizuri ndicho kinachotupumbaza upesi.

Yafaa kwanza kuifahamu nchi yenyewe. Mji wa Kericho umekaa juu ya nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya mstari wa ikweta. Upande wa magharibi nchi huteremka kuelekea Ziwa Viktoria, na upande wa mashariki huinuka mpaka Msitu wa Mau. Bomet ipo kusini yake, na vilima vyake ni ndugu wa vilima vya Kericho. Unyevu wa ziwa na unyevu wa msitu hukutana juu ya vilima hivyo, hata mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, aghalabu alasiri, na mara kwa mara huja na mawe yanayoyachana majani ya chai. Usiku, mbingu ikiwa wazi, ardhi hupoteza joto lake. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, na mvuke uliomo hugeuka kuwa matone madogo, mepesi kiasi cha kuelea, nayo hukusanyika mabondeni kama maziwa katika kibuyu. Huo ndio ukungu. Jua likipanda, ukungu huanza kuchakaa kama nguo kuukuu. Kilima hiki hutokea, kisha kile, hata ifikapo saa tatu au saa nne asubuhi nchi yote huwa wazi. Mpiga picha amepewa saa mbili au tatu tu za kufanya kazi yake. Atakachokifanya katika muda huo mfupi ndicho kitakachotuonyesha yeye ni mtu wa namna gani.

Sasa tuitazame picha iliyozoeleka. Mpiga picha amesimama juu ya kilima. Mbele yake mistari ya chai inateremka bondeni, kijani kibichi kilicholingana kama zulia. Bondeni umelala ukungu mweupe. Nyuma ya ukungu mikaratusi imesimama safu moja, myembamba na yenye rangi ya samawati, na nyuma ya mikaratusi kuna kilima cha mwisho ambacho kimekaribia kuwa na rangi ya mbingu. Tusiwe wachoyo wa sifa. Picha hii imetungwa vema. Mistari ya chai hulichukua jicho na kulipeleka mbali, ukungu hulipumzisha, vilima vinavyofifia kimoja baada ya kingine huonyesha umbali bila ya mtu kuupima kwa maili. Wachoraji wa China walionyesha umbali kwa njia hiyo, yaani kwa kuufifisha wino, karne nyingi kabla kamera haijabuniwa. Mtu anayeifahamu njia hii na kuitumia kwa kiasi amejifunza sehemu kubwa ya sanaa.

Kasoro huanza chini ya picha, pale palipoandikwa maneno "uzuri wa asili." Wahenga wamesema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mche wa chai ukiachwa huru haukai kimo cha kiuno cha mtu. Huota ukawa mti mrefu. Usawa ule unaolifurahisha jicho umetengenezwa kwa kisu cha kupogolea na vidole vya wachumaji. Mchumaji hulirudia shamba lilelile kila baada ya wiki moja au mbili, akachuma majani mawili na chipukizi moja, na wengine huweka ufito juu ya michai ili wajue ni wapi pa kuchuma na wapi pa kuacha. Zulia hilo, kwa hiyo, limefumwa, na wafumaji wake wana majina. Kuliita asili ni sawa na kuliita jahazi samaki kwa sababu limeonekana majini.

Tena zulia hilo lina umri, na umri wake si mkubwa. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru. Kericho ilikuwa nchi ya Wakipsigis, nchi ya malisho, wimbi na misitu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ilitoa sehemu ya ardhi hiyo kwa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani iliposhuka mradi ule ulianguka, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakashika mahali pake. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao viongozi wao wa dini waliogopwa na serikali, wakapelekwa Gwassi, nchi ya joto na mbung'o kando ya Ziwa Viktoria. Madai ya ardhi yaliyozaliwa na mambo hayo hayakuzikwa pamoja na wazee walioyashuhudia. Mpaka karne hii wajukuu wao wameyapeleka mbele ya tume za nchi na mbele ya vyombo vya mataifa. Kwa upande mwingine, tangu kuundwa kwa shirika la chai ya wakulima wadogo mwaka 1964, familia nyingi za Kericho na Bomet zimepata mashamba yao wenyewe ya chai, na leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka katika mashamba ya namna hiyo. Kwa hiyo kijani kile kina huzuni na fahari ndani yake. Mtu asemaye kuwa ni asili tu amefuta yote mawili kwa neno moja.

Labda utanijibu, msomaji, kwamba picha si kitabu cha historia, na kwamba haiwezekani kuutia mwaka 1934 ndani ya picha ya kilima. Hoja hiyo ni ya haki nami naikubali nusu yake. Simtaki mpiga picha aandike sheria na tarehe juu ya mawingu. Ninachotaka ni kwamba asiseme jambo lisilo kweli, na asiuchague ukungu kwa sababu ya kuficha. Kuna tofauti kati ya kunyamaza na kudanganya. Picha iliyonyamaza huacha nafasi ya swali. Picha iliyodanganya huiziba nafasi hiyo kwa jibu. Ukungu wa mbinguni huondoka saa nne asubuhi, lakini kilichofichwa na mpiga picha hakiondoki pamoja nao.

Ili tuione tofauti hii vizuri, nakuomba uwaze picha mbili. Katika picha ya kwanza mchumaji yu mbali sana. Amekuwa nukta moja nyekundu katika bahari ya kijani, na mpiga picha amemweka pale kama mshonaji awekavyo kifungo. Ukimwondoa, picha itapungua rangi, lakini haitapungua maana. Katika picha ya pili mpiga picha amekaribia. Zinaonekana safu tatu tu za michai. Kilichobaki kimemezwa na ukungu. Mwanamke amefunga nguo ya plastiki kiunoni ili umande usimlowanishe, mikono yake inang'aa kwa maji, na majani yaliyomo katika vidole vyake yahesabika. Mwenzake, aliye hatua kumi nyuma yake, ni kivuli tu. Hapo ndipo unapotambua kuwa asubuhi ile ni baridi, na kwamba mwanamke yule ameamka gizani ili afike shambani mapema. Picha zote mbili zina ukungu. Katika ile ya kwanza ukungu ni pambo. Katika ile ya pili ni hali ya hewa ambayo ndani yake watu hufanya kazi. Mimi naihesabu picha ya pili kuwa bora, wala si kwa sababu ya huruma tu. Ni bora kwa sanaa pia, kwa maana kila kilichomo ndani yake kina kazi: umande umefanya plastiki iwe ya lazima, ukungu umemfanya mwenzake kivuli, na safu tatu zatosha kutuambia kuwa kuna safu elfu.

Tena picha ya pili ina haraka ambayo picha ya kwanza haina. Katika mashamba makubwa mashine za kuchumia zimechukua kazi ya mikono mingi. Mwezi Mei 2023 hasira juu ya jambo hilo iliwaka moto kwa maana yake halisi: mashine zilichomwa mashambani wakati wa maandamano. Mwezi Februari mwaka huohuo filamu ya uchunguzi ya BBC, ambayo sehemu yake ilipigwa kwa kamera ya siri, ilionyesha madhila waliyotendewa wanawake wa mashambani na wasimamizi wao. Si kazi ya insha hii kuamua kesi hizo. Nataka tu uone kwamba kijani kile cha kalenda na kijani kile cha habari ni kijani kimoja. Ikiwa mikono itaendelea kupungua, siku itakuja ambapo picha ya shamba tupu lisilo na mtu itakuwa kweli tupu. Siku hiyo watoto watauliza mchumaji alikuwa mtu gani, na watakaoweza kujibu ni wale waliomkaribia na kamera zao alipokuwapo.

Nimesema "waliomkaribia" kwa makusudi, kwa kuwa ukungu una sheria zake, na sheria ya kwanza ni ukaribu. Katika hewa safi mtu aweza kusimama mbali akaivuta sura ya kitu kwa lenzi ndefu. Katika ukungu njia hiyo humsaliti. Kila hatua ya hewa iliyo kati yake na kitu ina matone yake, na kadiri hatua zinavyozidi ndivyo sura inavyogeuka kijivu. Akiwasha taa ya kamera, matone yaliyo mbele yake huurudisha mwanga usoni pake, akapata picha ya pazia jeupe. Tena kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera huuona weupe wa ukungu kama mwanga mwingi kupita kiasi, kikaitia picha nzima giza, hata asubuhi nyeupe ikafanana na jioni ya mvua. Hapana budi mpiga picha aongeze mwanga kwa hiari yake. Mambo haya matatu ni ya ufundi, lakini yana mafunzo ya tabia. Ukungu humwambia mtu: sogea, usitumie nguvu, wala usiamini kila unachoambiwa na chombo.

Mafunzo hayo yanatufikisha kwa wanyama. Shamba la chai ni makao ya wanyama wachache, kwa kuwa mmea mmoja hauwezi kuwalisha wengi. Wanyama wa nchi hii wamebaki katika Msitu wa Mau na katika vipande vya miti ya asili kando ya mito. Humo huishi mbega, kima mweusi mwenye manyoya marefu meupe ubavuni na mkia ulioishia katika shungi jeupe. Mbega hula majani, hushuka chini kwa nadra, na kidole gumba cha mkono wake kimedumaa kiasi cha kuwa kama hakipo. Mtoto wake huzaliwa mweupe mwili mzima, kisha weusi humjia kidogo kidogo. Alfajiri dume hunguruma kwa sauti nzito isafiriyo mbali, hata katika ukungu mbega husikika kabla hajaonekana. Kwa mpiga picha yeye ni mtihani mgumu: weusi wake huhitaji mwanga mwingi, weupe wake huhitaji mwanga mchache, na nyuma yake kuna mbingu isiyo na rangi.

Tazama sasa jinsi lugha yetu inavyolisema jambo hili. Kiswahili kina kitenzi kilichobeba mizigo mingi: kupiga. Hupigwa ngoma, hupigwa pasi, hupigwa risasi, hupigwa hodi, na hupigwa picha. Picha ya mnyama imesimama kati ya risasi na hodi, na historia yake huonyesha kuwa ilianza karibu zaidi na risasi. Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akatega kamera usiku, akawafunga wanyama wa kufugwa wawe chambo cha simba, na kuwamulika kwa unga wa kulipuka. Kitabu chake cha mwaka 1905 kilitaja mmweko na bunduki pamoja katika jina lake. Arthur Radclyffe Dugmore alikuja katika nchi ambayo leo ni Kenya mwaka 1909, na kitabu alichokitoa mwaka 1910 kilipata sifa kwa picha ya kifaru anayeshambulia. Tuwape haki yao. Watu hawa waliwaonyesha wawindaji wa zama zao kwamba mnyama aweza kupelekwa nyumbani bila ya kuuawa, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini walichukua pia tabia ya uwindaji: mnyama mwenye kushtuka, mwenye hasira, mwenye kukimbia, ndiye aliyeonekana kuwa na thamani.

Tabia hiyo haijafa. Utamwona mtu chini ya mti wa mbega akirusha jiwe ili mbega waruke, kwa kuwa kuruka kwao, manyoya meupe yakipepea, ni sura ya ajabu. Utamwona mwingine akitupa ndizi ili washuke karibu. Wa kwanza amewanyang'anya nguvu waliyohitaji kwa chakula chao cha majani, chenye nguvu kidogo na kisagikacho polepole. Wa pili amewafundisha kuzoea watu na mashamba, na mnyama aliyezoea mashamba mwishowe hupambana na mwenye shamba. Picha zote mbili huenda zikasifiwa. Mhakiki asizisifu, kwa sababu zimetuonyesha mbega aliyetengenezwa na mpiga picha.

Linganisha na mpiga picha aliyepiga hodi. Amefika kabla ya jua, amesikia ngurumo, ameketi mahali pamoja. Ukungu umempa kijivu kitupu kwa saa nzima. Kisha tawi moja limetokea, na juu ya tawi familia imejikusanya kwa baridi, weusi kwa weupe, na katikati yao mtoto mweupe asiyetambulikana vizuri kama ni mtoto au ni kipande cha ukungu. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyetazama kamera. Katika picha ya namna hiyo tunajifunza jinsi mbega anavyoishi wakati sisi hatupo, na hiyo ndiyo habari ambayo tusingeipata kwa njia nyingine.

Yuko mnyama mwingine ambaye picha yake hutufundisha zaidi, kwa kuwa karibu haipatikani. Bongo wa milimani, mwenye rangi ya kahawia nyekundu na michirizi myeupe ubavuni, huishi porini katika misitu ya milima ya Kenya tu, na Mau ni mmojawapo. Wahifadhi wanakadiria kwamba waliobaki porini hawafiki 100. Wanaowatafuta hufunga kamera mitini, ambazo hujipiga zenyewe joto la mwili likipita mbele yake. Picha zinazotoka humo aghalabu hazina mpangilio: mguu, ubavu, sikio katika kona. Mshindanishaji wa picha angezitupa. Lakini kila moja husema, "Bado nipo," na hakuna kalenda iliyowahi kusema neno zito kama hilo. Hapa twajifunza kwamba uzuri ni mizani mojawapo ya picha, na kwamba ushahidi ni mizani nyingine, na kwamba mara kwa mara huzidi uzito.

Nitaongeza mfano mmoja wa kuonyesha jinsi picha mashuhuri iwezavyo kuisahau asili yake. Kila mwaka wageni kwa maelfu huja kupiga picha za nyumbu wakivuka Mto Mara, nao mto huo hujulikana ulimwenguni kote. Mto Mara huzaliwa na mito miwili, Nyangores na Amala, yote ikitoka katika Mau, na Nyangores hupita katika mji wa Bomet wenyewe. Maji ambayo nyumbu huyavuka mbele ya kamera elfu yalikuwa kwanza mvua na ukungu juu ya vilima ambavyo hakuna aliyevipiga picha kwa ajili hiyo. Msitu ukikatwa huku, mto hupungua kule. Picha ya chemchemi katika ukungu na picha ya nyumbu katika vumbi ni kurasa mbili za kitabu kimoja. Sisi tumeichapa moja mara milioni, na nyingine tumeiacha.

Basi, msomaji, ukiletewa picha ya nchi hii au ya nchi nyingine yoyote, usiridhike na kusema ni nzuri. Uliza maswali matatu. Kwanza: aliyeipiga alisimama wapi, mbali au karibu, na kwa nini? Pili: kisichoonekana kimefichwa na nani, na ukungu au na mtu? Tatu: maneno yaliyoandikwa chini yake yanakubaliana na yaliyomo juu yake? Maswali haya hayaiharibu ladha ya picha. Picha nzuri hustahimili kuulizwa, kama vile shairi zuri linavyostahimili kusomwa mara kumi. Iliyo dhaifu ndiyo inayoomba tusiitazame sana.

Na ukiwa wewe ndiwe mwenye kamera, kazi ni kubwa zaidi. Kwa muda mrefu sura ya Kericho na Bomet ilitungwa na watu waliokuja kwa wiki moja, wakasimama juu ya kilima, wakaondoka. Hawakuwa wabaya wote. Waliona kilichoonekana kutoka kilimani. Lakini mwanafunzi wa Konoin, wa Sotik, wa Belgut au wa Bureti hupita katika ukungu huo kila siku akienda shule. Anajua ni kichaka gani chenye mbega, ni mwinuko gani ambao lori la chai huukwamia, na mama wa nani huchuma katika safu ya kwanza. Wahenga walisema macho hayana pazia. Simu aliyo nayo mfukoni, au atakayokuwa nayo akimaliza masomo, ina kamera bora kuliko ile ya Dugmore. Aende nayo karibu. Aombe ruhusa ya mtu kabla ya kumpiga picha, na amwonyeshe picha yenyewe baada ya kuipiga. Aandike chini yake mahali, tarehe na jina la kazi inayofanyika, kwa ukweli na kwa ufupi. Akifanya hivyo kwa miaka michache, wajukuu wake watakapotaka kujua nchi ya ukungu ilikuwaje, watakuwa na jibu lingine mbali na kalenda.